Mlango wa Kioo wa Bi Hamdiya

Ijumaa, saa nane na robo mchana, Bi Hamdiya alirudi kutoka kwenye khitma, akakuta mlango wa kioo wa barazani kwake, Ushongo, umetolewa kwenye reli na kuegemezwa ukutani. Kabati la sebuleni liko wazi. Hati ya shamba la Mwera haipo.

Saa tisa na nusu fundi Sabiri alikuwa na pingu mikononi. Kisa? Jumanne alikuja kuutengeneza mlango ule. Watu wepesi wa kuhukumu, wallahi! Majirani walishajaa uani.

"Nimemlisha wali wangu, kaja kuniibia!" Bi Hamdiya alifoka.

"Jina langu ndilo mtaji wangu, Bibi," alisema Sabiri. "Likichafuka leo, nani atanikaribisha nyumbani kwake tena?"

Sajenti Zuwena wa Pangani alipiga goti kwenye reli. "Ulishamaliza kuutengeneza?"

"Bado. Magurudumu yameliwa na kutu, nasubiri mapya kutoka Tanga. Ukiusukuma unalia mpaka ufukweni. Ila nilitia skrubu juu, upande wa ndani, usiweze kuinuliwa kutoka nje."

Skrubu ile ilikuwa juu ya kabati, imefunguliwa bila hata mkwaruzo.

"Basi aliyeutoa alikuwa ndani," Zuwena alisema.

"Si ndiye huyo anayejua skrubu iko wapi?" alidakia Muntasir, mtoto wa kaka yake Bi Hamdiya, aliyerudi Umra juzi, kichwa kimenyolewa kinang'aa. "Mimi nilikuwa msikitini."

Zuwena alipitisha kidole relini. Mafuta, na mchanga umeyagandia. Akanusa. "Sabiri, wewe hutia mafuta ya nazi?"

"Astaghfirullah! Ufukweni hapa? Mafuta hushika mchanga, mlango ukagoma kabisa. Mimi husugua mshumaa."

Macho yakamhamia Najat, mpishi. Mafuta ya nazi ni ya jikoni, na jikoni alikuwapo yeye tangu saa sita. Hakusikia mlango ukilia.

"Nakamua mwenyewe, sikatai," Najat alisema, mikono kiunoni. "Lakini asubuhi Muntasir kanijia na kikombe, kataka ya kupaka nywele. Nikampa, kama ninavyompa tangu mdogo."

"Nywele zipi?" aliuliza Zuwena.

Wote wakamtazama Muntasir kichwani. Najat akajishika mdomo. Maskini, mazoea yalimfumba macho.

"Ulitoka msikitini mapema," Zuwena alimwambia Muntasir. "Ukapaka reli ili Najat asisikie, ukautoa mlango ili lawama imwangukie fundi."

"Shangazi analitia wakfu!" Muntasir alilipuka. "Shamba la babu liende madrasa, mimi nibaki na nini?"

Hati ilipatikana ndani ya begi lake la Umra, chini ya chupa ya zamzam. Pingu zikabadili mikono.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Hamdiya alimwambia Sabiri kwa sauti ya chini.

"Ulinitukana mbele ya watu, Bibi."

Bi Hamdiya aligeuka. Kisha akawatokea majirani uani, akapaza sauti: "Jamani, mwizi ni damu yangu! Sabiri hana kosa. Mimi ndiye niliyemdhulumu."

Aliporudi machozi yalikuwa yanamtiririka. Sabiri alikuwa ameshaufuta mafuta ule mfereji wa reli.

"Haya, Bibi," alisema, "nishikie upande huu, tuurudishe mlango wako."