Jumanne ya Chanjo

Ikupa ni afisa mifugo wa kata moja karibu na Ngulyati, wilaya ya Bariadi. Kwao ni Tukuyu. Kazi ndiyo iliyomleta Simiyu. Alipazoea, na wafugaji wakamzoea. Wanamwita daktari.

Alfajiri moja alikwenda machinjioni kukagua nyama. Aliporudi nyumbani, mumewe Method, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameshamvalisha binti yao Winnie sare ya chekechea, na chai iko mezani. Ikupa aliinywa akiwa amesimama, simu sikioni. Huyu anataka dawa ya minyoo ya mbuzi. Yule, kuku wake wanakohoa. Ofisini wanataka ripoti. Kijijini wanamwita kikaoni. Kila mmoja alimjibu, "Sawa, nakuja." Kisha akapanda pikipiki.

Tangu kiangazi alikuwa amepanga kuchanja ng'ombe dhidi ya chambavu. Ugonjwa huo hupenda ng'ombe vijana walionona, hasa mvua zinapoanza. Mguu huvimba, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mara nyingi dawa huchelewa. Kinga yake ni chanjo.

Mzee Machibya, mmoja wa wafugaji hao, alikuwa amewaandaa wenzake wa kitongoji kwa ajili ya chanjo hiyo. Ikupa aliahidi kwenda. Likatokea jambo, akaahirisha. Akaahidi tena. Likatokea jingine.

Mvua za vuli zikaanza. Asubuhi moja Machibya akapiga simu.

"Mwangaluka, daktari," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Habari za hapo?"

"Si nzuri. Maksai wangu mmoja anachechemea. Mwenzake tumemkuta amekufa."

Ikupa aliacha kila kitu akaenda. Maksai aliyebaki alikuwa amelala, paja limevimba. Alipolibonyeza, ngozi ilitoa mlio kama wa majani makavu. Alimchoma sindano, lakini alijua amechelewa. Kabla ya jua kugeuka, maksai yule naye alikufa.

"Msiwachune," Ikupa aliwaambia watu waliokusanyika. "Nyama isiliwe. Tuwafukie kwenye shimo refu. Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa ardhini miaka mingi."

Machibya hakupaza sauti. Alishika jembe akachimba pamoja na wengine. Walipomaliza, alijifuta jasho.

"Nimewafundisha plau mwenyewe," alisema. "Msimu huu ndio walikuwa waanze kulima. Wenzangu walitaka kutafuta mtu mwingine wa kuchanja. Nikawaambia subirini, binti yetu ameahidi."

"Nisamehe, mzee."

"Tulijua una kazi nyingi. Tulikuwa tunakuona unapita na pikipiki."

Maneno hayo yalimchoma Ikupa kuliko matusi.

Jioni hakuweza kula. Method alimsogezea bakuli la mboga.

"Mama Winnie, kula kidogo. Hakuna anayefanya kazi kama wewe."

"Nafanya, Baba Winnie. Lakini ukiniuliza nimemaliza nini, sina jibu. Labda niombe uhamisho."

Martha, jirani yao, alikuwa amekuja kumrudisha Winnie aliyekuwa akicheza kwake. Yeye ni muuguzi, msimamizi wa kliniki ya watoto kwenye zahanati. Alisikia, akavuta kiti.

"Tuseme umehamishwa kesho, mdogo wangu," alisema. "Ungependa uache nini hapa?"

Ikupa alifikiri. "Ningependa ng'ombe wa watu wasife kwa ugonjwa wenye chanjo. Hicho ndicho kilichonipeleka chuoni. Baba yangu alipoteza ng'ombe zizi zima."

"Na wiki iliyopita, jambo hilo ulilitengea siku gani?"

Ikupa alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha.

"Unaona," Martha alisema kwa upole. "Ulilipenda, lakini hukulitengea siku. Kazi isiyo na siku yake huliwa na nyingine. Mimi pia iliwahi kunilemea. Watoto walikosa chanjo ya surua kwa sababu mama akija leo ananikuta nimekwenda kikaoni. Sasa kliniki ni Jumatatu na Alhamisi. Mama wote wanajua. Nikiitwa kikaoni siku hizo, naomba wapange siku nyingine."

"Na likija la dharura, dada?"

"Mama mwenye uchungu hasubiri. Nakwenda. Lakini anayetaka dawa ya kikohozi anaweza kusubiri hadi kesho. Simu zote zinaita kwa sauti moja. Kabla hujasema 'nakuja,' uliza: kuna kitakachokufa leo? Kama hakuna, mpe siku yake. Na kliniki ya Alhamisi ikivunjika, naifanya Ijumaa. Siiachi ipotee."

"Na ofisini?"

"Waambie mapema. Ukikubali kila kitu, watajuaje kwamba umelemewa?"

Kesho yake Ikupa alirudi kwa Machibya akachanja ng'ombe waliobaki. Aliwaambia ukweli kwamba chanjo haianzi kulinda siku ileile, kwa hiyo wawachunguze sana kwa majuma mawili. Kisha alikwenda kwa mkuu wake. Alimweleza kwamba anataka kila Jumanne iwe ya chanjo, kitongoji kwa kitongoji, na ripoti zote aziandike Ijumaa. Mkuu alisita.

"Na vikao vya Jumanne?"

"Nitamwomba mwenzangu mmoja wa ofisini aniwakilishe. Nikishindwa kumaliza vitongoji kabla ya masika, tuzungumze tena."

Mkuu alikubali.

Haikuwa rahisi. Jumanne moja tajiri mmoja wa mjini alimpigia simu aende kumkata mbwa wake kucha. Zamani angekwenda. Safari hii alisema, "Nitakuja Jumatano, mzee." Tajiri alikata simu kwa hasira. Jumanne nyingine ng'ombe wa mjane alishindwa kuzaa. Hapo Ikupa alikwenda mbio, na chanjo akaifanya kesho yake.

Wenyeviti wa vitongoji walianza kuijua Jumanne. Alipofika na boksi lake la baridi, aliwakuta ng'ombe wamekusanywa. Machibya alikuwa anatangulia kuwahimiza watu, na aliwaonyesha vijana jinsi ya kumshika ndama. Hakuna aliyemtuma.

Nyumbani nako kulibadilika. Ikupa alikaa chini kunywa chai. Jumamosi jioni aliizima simu, akabaki na ile ya pili ambayo namba yake aliwapa wenyeviti kwa dharura. Winnie alianza kujifunza kwa mama yake nyimbo za Kinyakyusa, lugha ya kwao Tukuyu.

Masika yalipofika, chambavu kiliingia kata ya jirani. Ikupa alipita kila kitongoji alichochanja. Alikuta ng'ombe wanakula majani mabichi. Hakuna aliyechechemea.

Alimkuta Machibya shambani, analima kwa maksai alioazimwa na shemeji yake. Maksai hao Ikupa aliwachanja mwenyewe. Mzee alisimamisha plau.

"Mwadila, daktari," alimsalimu kwa salamu ya mchana.

"Mwadila, mzee. Shamba linaendaje?"

Machibya aligeuka kutazama matuta marefu, udongo mweusi umelowa.

"Leo namaliza," alisema. "Kesho napanda."