Kwa Ridhaa ya Mteja

SAA 4:10 ASUBUHI

Mlango wa chumba cha nyuma ulifungwa kwa komeo. Kule mbele, cherehani iliachwa na kitambaa chini ya sindano, ili mteja akichungulia aseme fundi hayuko mbali. Ndani walikuwa wanne. Baba Pacha, kiongozi wao, alisimama. Dereva alikaa juu ya robota la vitambaa. Mama Pacha, mke wa kiongozi na mwenye hiyo cherehani, alichuchumaa sakafuni akishona kwa mkono. Na yule mwanamke mpya, waliyemwita Wakili, alikaa kwenye kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kwa miaka tisa kilikuwa cha Mama Pacha.

Baba Pacha alichora duka juu ya meza ya kukatia kwa chaki ya fundi. Hapa mlango, mmoja tu. Hapa nguzo mbili nyeupe, kila upande moja. Hapa kabati la vioo. Ndani ya kabati mna trei ya saa za mkono, kumi na mbili, za dhahabu, na kila moja imefungwa kidude cha plastiki kwenye mkanda. Kidude kikipita kati ya nguzo, kengele inalia, walinzi wanakuja mbio.

Yeye mwenyewe angeingia amevaa suti, bwana harusi anayewatafutia wasimamizi wake zawadi. Muuzaji angemtolea trei. Saa sita kamili Wakili angetoka mlangoni na blauzi aliyoinunua kwa halali, risiti mkononi, lakini ndani ya pindo la ile blauzi kungekuwa na kidude walichokihifadhi kutoka kazi iliyopita. Kengele ingelia. Wakili angegoma kupekuliwa. Muuzaji angegeuza shingo. Trei ingemiminwa katika mfuko wa mwanamke aliyesimama kando, mwanamke asiyefahamiana na bwana harusi, naye angewapita wale wanaogombana, kimya, atoke.

"Mwanamke wa kando ni wewe," Baba Pacha alimwambia mkewe.

Mama Pacha alikata uzi kwa meno. Mfuko aliokuwa akiushona ulikuwa na bitana ya namna yake, na kifuniko chenye utepe wa kubana. Kifuniko kikibanwa sawasawa, nguzo zilikuwa vipofu. Hakuna mtu mjini aliyeushona mfuko wa aina hiyo vizuri kuliko yeye. Lakini kushona hakukuwa kazi yake hasa. Kazi yake ilikuwa kuzimia. Kwa miaka tisa alizimia madukani, akaanguka kama nguo iliyoteleza kwenye kamba, na walinzi wote wakamkimbilia huku wenzake wakitoka na mzigo. Sifa ile ilikuwa yake peke yake. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini leo asizimie.

"Kuzimia kumepitwa na wakati," mumewe alisema. "Siku hizi ukianguka wanafungua mfuko wako kutafuta dawa. Hawakuombi ruhusa, wanakuonea huruma. Huruma ndiyo itakayotufunga."

Wakili alicheka kidogo. Baba Pacha naye akacheka, akimtazama Wakili, si mkewe. Mama Pacha aliona. Tangu mwezi uliopita alikuwa akiona mengi. Aliona chai ikimiminwa kwanza katika kikombe cha yule mwanamke. Aliona mumewe akimshika kifundo cha mkono, ati anamwonyesha jinsi saa inavyokaa. Alisikia akimwita "mwalimu". Yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa chochote ila mama wa watoto wake.

Wakili hakuwa wakili. Alikuwa amekaa miaka sita kwenye dawati la malalamiko katika duka kubwa, na huko ndiko alikojifunza kile ambacho wateja hawajui kukisema. Alitoa karatasi mkobani. Alikuwa amenakili tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya duka lile, maandishi madogo ambayo watu hupita bila kuyasoma: Ukaguzi wa mifuko hufanyika kwa ridhaa ya mteja.

Alieleza polepole kwamba neno lenye nguvu hapo ni ridhaa. Kengele ikilia, mlinzi anaweza kuomba. Anaweza kumwita meneja, anaweza kuwaita askari. Lakini mkono wake hauingii mfukoni mwako mpaka umwambie "haya". Kwa hiyo usipige kelele, usikimbie, usilie. Sema sentensi moja, kisha nyamaza.

"Sijaridhia kupekuliwa. Niitie meneja."

Kila mmoja alitakiwa kuikariri, maana kengele haichagui. Baba Pacha aliisema. Dereva aliisema mara tatu, na mara ya tatu akaongeza "tafadhali", akaambiwa kwa adabu hiyo angefungwa na kushukuru. Kisha wote wakamgeukia Mama Pacha.

"Na wewe, dada?" Wakili alimwuliza.

"Nina pini mdomoni."

Hakuwa na pini. Sentensi ile aliijua, aliisikia mara kumi asubuhi ile. Lakini ilikuwa sentensi ya mwenzake, kama nguo ya ndani ya mtu mwingine. Asingeitia mwilini mwake.

SAA 5:20

Garini Mama Pacha alikaa nyuma. Kwenye kiti cha mbele, kando ya Dereva, alikuwa Wakili. Alimwona Baba Pacha akijitazama katika kioo, akiiweka tai sawa, kisha akimwuliza Wakili kama imenyooka. Viatu vyake vilimeta. Mama Pacha ndiye aliyeving'arisha alfajiri, kabla ya kuwasuka pacha na kuwapeleka shule.

Alimkumbusha mumewe kwamba watoto wanatoka saa saba. Baba Pacha alijibu kwamba kufikia saa saba wao wanne watakuwa wamemaliza kazi na kula.

Wakili aligeuka. "Wanasoma darasa la ngapi?"

"La pili," Mama Pacha alijibu, na akageukia dirishani. Alimchukia zaidi kwa kuuliza.

SAA 5:58

Duka lilikuwa limejaa. Mama Pacha alisimama mbele ya kabati la vioo akichagua mkanda wa ngozi asioutaka. Kando yake bwana harusi alimchekesha muuzaji. Trei ilikuwa imetolewa. Saa kumi na mbili zililala juu ya kitambaa cha mahameli, na zote, kwa kuwa hazijatiwa ufunguo, zilikuwa zimewekwa mishale mahali pamoja ili zipendeze.

SAA 6:00 KAMILI

Kengele ikalia.

Muuzaji akageuza shingo. Trei ikainama. Mama Pacha alisikia uzito ukishuka mfukoni, akabana kifuniko kwa kiganja, akaanza kutembea. Nyuma yake bwana harusi alikunja kitambaa cha mahameli juu ya trei tupu na kusema atarudi na bibi harusi achague mwenyewe.

Mlangoni watu walikuwa wameshajazana. Wakili alisimama ndani kidogo ya nguzo, kichwa juu, mfuko begani, risiti imeinuliwa. Mlinzi, mwanamke mnene mwenye sura ya upole, alikuwa amenyoosha mkono.

"Sijaridhia kupekuliwa. Niitie meneja."

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Mwanamume mmoja katika umati alisema ni kweli, tangazo lile pale. Mwingine akaanza kulisoma kwa sauti. Bibi mmoja akamwambia mlinzi aende akapekue mifuko ya kwao. Watu wakacheka. Mama Pacha aliona jinsi walivyomtazama Wakili. Walimtazama kwa heshima. Yeye, katika miaka tisa ya kuanguka sakafuni, alitazamwa kwa huruma tu, na sasa alijua tofauti yake.

Kazi yake ilikuwa kupita. Hatua sita, kimya, nje, garini.

Hakupita.

Kijiba cha roho kilimkaba. Aliingiza vidole chini ya kifuniko, akachomoa saa moja. Mfuko wa Wakili ulikuwa na kifuko cha nje kisicho na zipu. Alijipenyeza kana kwamba anatafuta njia, akaidondosha humo. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama katikati ya watu, angojee kumwona mwalimu akifunzwa.

SAA 6:04

Meneja alikuja akifuta jasho. Alitazama risiti. Alitazama umati. Alisema wanaomba radhi, bila shaka mhudumu amesahau kuondoa kidude, mama aende zake. Wakili alishukuru, akapita kati ya nguzo. Kengele ikalia tena, na safari hii watu wakapiga makofi. Meneja mwenyewe akatabasamu.

Mama Pacha alibaki mdomo wazi. Umati ukaanza kutawanyika, na yeye hakuwa na pa kujificha. Akafuata njia, akaingia kati ya nguzo.

Kengele ikalia.

Vidole vyake vilijua kabla ya kichwa. Aliponyofoa ile saa, hakuubana tena utepe. Yeye, mshonaji.

"Samahani, mama," mlinzi alisema. "Leo hizi nguzo zimerogwa. Naomba kuona mfuko wako?"

Aliomba tu. Meneja alikuwa bado pale, amechoka, tayari kumwachia yeyote. Ilitakiwa sentensi moja. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, nzima, neno kwa neno, kwa sauti ya yule mwanamke. Sijaridhia. Mama Pacha alifumba kinywa. Ilikuwa heri afe kuliko kuwa mwanafunzi wa yule.

Akazimia.

Alizimia vizuri kuliko siku zote. Magoti yalikwenda kwanza, kisha bega, kisha kichwa, polepole, juu ya mkono. Mtu akaita maji. Mlinzi alipiga magoti kando yake, akamlegeza kilemba, akamwambia vuta pumzi, mama yangu. Kisha akasema kwa sauti ya huruma tupu:

"Labda ana dawa humu."

Mfuko ukafunguliwa.

Saa zikamwagika sakafuni. Kwa upenyo wa kope zake Mama Pacha aliona viatu vyeusi vilivyometa vikikaribia. Mlinzi aliinua uso na kuuliza kama kuna anayemfahamu mama huyu. Viatu vilisita kidogo tu.

"Mimi napita tu," alisema Baba Pacha. Akauruka mkono wa mkewe, akatoka.

SAA 6:07

Muuzaji alifika akilia, na trei tupu mkononi. Zikahesabiwa saa sakafuni. Kumi na moja. Moja haipo. Meneja akaamuru mlango ufungwe.

Hapo ndipo kengele ilipolia tena, na aliyekuwa akiingia alikuwa Wakili.

Alirudi mbiombio, akimsukuma mlinzi wa nje. "Mgonjwa hapekuliwi," alisema. "Mtu aliyezimia hawezi kuridhia. Ondokeni juu yake, apate hewa."

"Na wewe una nini humo?" meneja aliuliza. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Kengele imelia mara tatu kwako."

Mama Pacha alifumbua macho. Wakili alikuwa amepinda juu yake, mkono mmoja tayari chini ya shingo yake, na mwingine ukiuvua mfuko begani kwa papara. Hakuwa na la kuhofia. Ndani mlikuwa na blauzi na risiti. Alikuwa na haraka, na watu walimzuia njia.

Mama Pacha alikuwa na muda. Angeweza kumwambia usiridhie. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

"Haya," Wakili alisema. "Tazameni wenyewe, mniache nimhudumie."

Meneja akaingiza mkono katika kifuko cha nje.

SAA 6:35

Waliketishwa ofisini kwa meneja, wote wawili juu ya kiti kirefu kimoja. Gari la Dereva lilikuwa limekwenda. Juu ya meza zilipangwa saa kumi na mbili.

Wakili hakuuliza saa ile ilifikaje mfukoni mwake. Alimtazama Mama Pacha, akatazama utepe wa mfuko uliokuwa wazi, akaelewa.

"Nilikuwa nimeshafika garini," alisema hatimaye. "Mumeo alikuja akasema umeanguka, tuondoke. Nikamwuliza watoto atawachukua nani. Akasema hayo ni ya mama yao." Alimgeukia uso kwa uso. "Mwanamume wa kumwacha mkewe sakafuni. Ulidhani namtaka huyo?"

Mama Pacha aliinua macho ajue umebaki muda gani kabla ya saa saba. Zile za mezani hazikumsaidia. Zote kumi na mbili zilisema saa nne na dakika kumi.

Askari wa kike aliingia na daftari. Aliuliza nani aanze kuandikisha, na kama anaandikisha kwa hiari au wangoje.

Mama Pacha akasimama. Safari hii hakuanguka.

"Mimi," alisema. "Kwa ridhaa yangu. Ile saa ya kumi na mbili niliitia mimi katika mfuko wa huyu, naye hakujua. Andika hivyo." Alimgusa Wakili bega. "Kisha mwachieni aende. Ana watoto wawili wa kuchukua shuleni saa saba."