Ufunguo wa Dada

Baba yangu anachonga funguo. Kibanda chake kipo nyuma ya soko, na nusu ya mji inafungua milango kwa kazi ya mikono yake. Lakini nyumbani kwetu ufunguo ulikuwa mmoja tu, umetundikwa kwenye msumari. Mlango wenyewe ulikuwa umechoka. Usipofungwa kwa ufunguo, upepo uliusukuma na baridi yote ikaingia. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu wa baridi mama alitoka kwenda kuoka mikate, baba akatoka na sanduku lake la vifaa, nami nikafunga nyuma yao.

Dada alirudi kutoka chuoni kwa likizo ya wiki tano. Kule alikuwa na chumba chake na ufunguo wake. Hapa alilala nami kitanda kimoja, bibi kitanda cha pili, nyufa za madirisha zimezibwa kwa matambara, na bibi anakoroma kama analipwa. Dada akigusa koti tu, baba anauliza: unakwenda wapi, na nani, utarudi saa ngapi? Mama akikosa la kuongeza, bibi analo.

Wiki ya pili dada akaacha kutoka kabisa. Alikaa kitandani akitazama kalenda, akashusha pumzi, akanisukuma magoti, akashusha pumzi tena. Sitawadanganya: nilimhurumia, lakini pia alinichosha. Chumba kilikuwa kidogo kabla hajaja. Sasa hata hasira zetu zilikosa pa kukaa.

"Nahisi kama nimekunjwa nikawekwa kabatini," aliniambia. "Wewe unajua kutumia mashine ya baba. Nichongee ufunguo, mdogo wangu, nitoke bila kumwita mtu wa kufunga nyuma yangu."

Kila Jumamosi mimi humsaidia baba kibandani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na ule ufunguo wa msumarini mfukoni, huku nyumbani dada akizuia mlango kwa kiti. Baba alipokwenda kunywa chai, niliubana kwenye mashine pamoja na mwingine ambao haujachongwa, nikachonga mbiombio. Kingo sikuzipiga tupa kuzilainisha. Kuujaribu ndiyo kabisa sikuthubutu, ningeujaribia wapi wakati nyumba nzima ina macho?

Jumanne ilikuwa siku ya bibi kupimwa macho hospitalini. Miadi hiyo aliingojea miezi mitatu, na siku hizo alitutambua kwa sauti tu. Mimi ndiye niliyeagizwa kumfikisha saa tatu kamili.

Saa moja na nusu, baba na mama wakiwa wameshatoka, nilisikia mlango ukifungwa taratibu kutoka nje, kisha mlio mdogo, ka! Nikakimbilia dirisha la mbele, lenye nondo. Dada alisimama barazani na nusu ya ufunguo mkononi. Alitaka kwenda maktaba bila kuulizwa, na nusu ya pili ilikuwa imebaki ndani ya kitasa. Nikajaribu ule wa msumarini kutoka ndani, haukuingia. Kile kipande kilikuwa kimeziba njia.

"Nitamwambia baba kuna mwizi alijaribu kuingia," dada alinong'ona. "Nawe useme ulisikia vishindo."

Uongo ule ungekubalika. Lakini namjua baba: angeanza na mwizi, angezunguka nyumba na kuhoji majirani, na saa tatu ingepita. Nikageuka. Kupitia mlango wa chumba nikamwona bibi ameketi kitandani, koti limefungwa vifungo vyote, kadi ya hospitali ameishika kwa mikono miwili. Alingoja tu mlango ufunguliwe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwambie ni mimi niliyeuchonga, umekatikia ndani," nikasema. "Aje na kifaa cha kutolea vipande. Kimbia."

Alipoondoka nilizunguka humo ndani, nikashika kitasa, nikakiachia, nikakishika tena. Nilimwelewa dada siku hiyo kuliko wiki zote mbili zilizopita.

Baba alifika akihema, akapiga magoti mlangoni. Kipande kikatoka, nami nikafungua kutoka ndani. Akakitazama kiganjani, akauliza ni kazi ya nani. Nikasema yangu. Dada akasema yeye ndiye aliyenituma. Baba akaangalia saa, akatuambia tumpeleke bibi, mengine yangengoja. Tulimshika huku na huku, tukafika jina lake likiitwa mara ya pili.

Jioni baba aliweka vipande viwili mezani. Kabla hajafungua mdomo, dada akaanza kulia.

"Baba, hapa naomba ruhusa hata ya kuvuta hewa."

Baba alikuna kidevu. "Sikutaka uombe ruhusa, mwanangu. Nilitaka uage. Anayeomba ruhusa anangoja jibu. Anayeaga anatuambia tu tumtafute wapi akichelewa. Lakini kweli, maswali yangu yamezidi. Nimekuhoji kama askari, na hilo ni kosa langu."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, fundi. Unajua kwa nini umekatika? Hukuujaribu mlangoni. Na usingeweza, kwa sababu ulikuwa wa siri. Jambo la siri hulijui kama ni bovu mpaka lifungie watu ndani. Mngeniambia ukweli, ningewachongea mwenyewe."

Jumamosi alinisimamia nikachonga mwingine, nikaupiga tupa, na jioni nikaujaribu mlangoni mara kumi na moja. Mkono uliniuma.

Jumapili mchana dada alivaa koti, akasimama mbele ya baba. "Baba, natoka kutembea. Nitarudi saa kumi."

Baba akafungua mdomo. Nikamwona akimeza maneno. "Haya. Uende salama."

Dada alikuwa tayari ameingiza ufunguo wake kitasani bibi alipopaza sauti kutoka chumbani. "Na nani?"

Dada akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. "Na wewe, bibi, kama utavaa koti."

Bibi akatokea na miwani yake mpya. Koti alikuwa ameshalivaa, vifungo vyote.