Mama Aliniita, Mimi Nilikuwa Ndani ya Mchezo

Nina miaka thelathini na tisa, naishi kijijini Kilema na mama yangu mzazi. Goti liliniharibikia kwenye upagazi wa mlimani, nikarudi nyumbani kufuga. Nimechoka, ndugu wasomaji... lakini acha niseme.

Ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa shangazi, dada wa marehemu baba. Alitufugisha kwa desturi yetu: maziwa na samadi vyetu, ndama wa kwanza wake, wa pili wangu. Na huyo wa pili ndiye tuliyekuwa tunamsubiri. Ningepata ng'ombe wangu mwenyewe!

Basi nikanogewa na kitabu cha kusikiliza kwenye simu. Hadithi ya miaka ijayo, watu wamenasa ndani ya mchezo wa mtandaoni, ukifa unaanza upya. Mtu mzima mimi! Nakatakata migomba ya kumlisha ng'ombe, masikio yote mawili nimeyaziba, namwombea shujaa avuke hatua ya mwisho.

Asubuhi ile mama aliniambia nisiende mbali, ng'ombe anahangaika. Nikaitikia, kisha nikashuka kwenye migomba. Sura moja tu, nilijiambia... zikawa tatu.

Nilipopanda kurudi nyumbani nilimkuta mama amekaa kwenye samadi, kamba mkononi, sauti imemkauka kwa kuniita. Ndama alikuwa ametanguliza mguu mmoja, wa pili umekunjika ndani. Mama alivuta peke yake, na mgongo wake ule mbovu. Ndama jike... amekufa.

Shangazi alikuja kesho yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa shida. Akamuuliza mama kama aliniita.

"Sikumwita, wifi," mama akasema. "Nilijidai naweza."

Nami nikanyamaza! Jitu zima na ndevu zangu, nikatazama chini. Shangazi akasema mama amezeeka, hafai kuachiwa mnyama, akamfungua ng'ombe akaondoka naye. Majirani wanajua hivyo mpaka leo. Kwa nini sikusema? Aibu... na uoga.

Mama hajanilaumu hata siku moja. Ila haniiti tena. Akinihitaji anajikongoja mpaka nilipo, ananigusa bega, hata kama sina kitu masikioni.

Jumapili hii nakwenda kwa shangazi kusema ukweli. Ng'ombe simtaki. Nanyi wenzangu, sikilizeni vitabu vyenu, ni vitamu... lakini sikio moja waachieni watu wa nyumbani. Mimi nilimnyima mama yangu yote mawili.