Ubao wa Jeki

Kila Jumamosi alfajiri, Tereza hakuwasha gari lake kabla ya kutaja vifaa vyote kwa sauti. Alikuwa akipeleka ndoo na sufuria minadani kwa Landkruza kuukuu, kupitia njia ambazo madereva wengi wa mtaa wao wa Kizota walizikwepa. Jumamosi moja, kama kawaida, binti yake Elieth, wa darasa la sita, aligusa kila kifaa na kuitikia.

"Koleo?"

"Lipo!"

"Filimbi?"

"Ninayo shingoni!"

"Tairi la akiba?"

"Lipo!"

"Jeki?"

"Ipo!"

"Ubao wa jeki?"

Elieth alisita. Ubao ule mnene alikuwa ameuchukua Alhamisi kuzibia mlango wa banda la kuku. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini tu! Lakini uvivu ulimshika mguu mmoja, na hofu ya kukaripiwa ikamshika wa pili.

"Upo!" alijibu huku akitazama chini.

Saa nne walifika kwenye korongo upande wa Bahi. Lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na jua liliwaka. Walipokaribia ng'ambo, gurudumu moja la nyuma lilizama. Mama aliacha kukanyaga mafuta mara moja, maana angeendelea, lingezidi kujichimbia.

Ukingoni, mzee mmoja mfugaji alikuwa akiswaga ng'ombe wake mbiombio.

"Shikamoo, babu!" Elieth alisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapo si pa kukaa!" mzee alipaza sauti. "Kule milimani kumenyesha tangu usiku. Maji yanakuja!"

Elieth aligeuka. Mbali, juu ya milima, mawingu yalikuwa meusi tii.

Mama alitoa jeki. "Lete ubao, haraka. Bila ubao itazama mchangani."

Elieth hakusogea. Mama akaanza kushusha ndoo mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiutafuta. Dakika zilikuwa zinakwenda.

"Mama, usitafute!" Elieth aliangua kilio. "Haupo. Nilikudanganya. Uko kwenye banda la kuku."

Mama alimkazia macho. Elieth alisubiri kofi, lakini halikuja.

"Futa machozi. Tufungue tairi la akiba."

Walililaza tairi mchangani na kuweka jeki juu yake. Lilididimia kidogo, kisha likatulia. Gari likaanza kuinuka. Yule mzee, aliyeitwa Matonya, alishuka na panga na kukata matawi, naye Elieth akafukua mchanga kwa koleo mpaka viganja vikamchubuka. Wakashindilia matawi chini ya gurudumu, Mama akashusha jeki.

"Pandeni ukingoni wote. Elieth, ukiyaona maji, piga filimbi. Nikiisikia, gari naliacha, nakimbia."

Elieth alipanda. Mama aliwasha gari. Ndipo pale kwenye kona ya korongo povu la kahawia lilipotokea, likisukuma magogo.

Elieth alipuliza filimbi kwa nguvu zote. Injini ilinguruma na kuimeza sauti. Alipuliza tena. Mlango haukufunguka. Mama hasikii! Alitaka kurudi chini, lakini mkono wa Matonya ulimshika begani.

Gurudumu lilitafuna matawi, likashika. Gari lilichomoka na kuupanda ukingo kwa kishindo. Nyuma yake maji yalijaza korongo, yakabeba ndoo, jeki na tairi.

Mama alishuka. Alimkumbatia binti yake, akamshukuru Matonya, kisha akasimama nyuma ya gari.

"Koleo?"

"Lipo," Elieth alijibu, akiligusa.

"Tairi la akiba?"

"Halipo."

"Jeki?"

"Haipo."

"Ubao wa jeki?"

Elieth alimtazama mama yake machoni. "Haupo, Mama."

"Hilo ndilo jibu nililolihitaji asubuhi," Mama alisema. "Kifaa kikikosekana, nitajua la kufanya. Lakini ukiniambia kipo na hakipo, naingia korongoni nikitegemea hewa. Umechelewa kusema kweli, mwanangu, ila umeisema kabla ya maji kufika. Ungenyamaza, ningekuwa bado mle ndani nautafuta ubao."