Lebo za Diski za Baba

Kila siku nikitoka shule nilikula mkate wa siagi ya karanga, kisha nikaenda kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu, hapa Santa Cruz. Mwaka ule wa 1977 banda hilo ndilo lilikuwa ofisi ya baba. Aliacha kufundisha chuoni ili atunge mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha kompyuta ndogo na kuiongoza. Baba alinakili programu kwenye diski, mama alizifunga kwenye bahasha, mimi niliandika lebo.

Sheria ilikuwa moja: andika lebo kwanza, ndipo uibandike. Diski ilikuwa laini, ukiikandamiza inaharibika.

Jumatatu moja dada yangu Trudy aliniita tukacheze. "Lorna, we kobe, tunakuacha!" Kwa haraka nikabandika lebo zote zikiwa tupu. Nilipogundua, nikaona uvivu kuzibandua. Nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino, tena kwa nguvu.

Wiki iliyofuata simu hazikukoma. Wateja wote walilalamika kwamba mashine inasoma mwanzo, kisha inakwama. Kiwanda cha Oakland, ambacho kingeweka programu ya baba katika kila kompyuta yake, kilimpa hadi Ijumaa awe ameirekebisha.

Kwa siku tatu baba alijaribu diski za Jumatatu ile zilizobaki, akitafuta kosa kwenye programu. Hakula, hakunyoa ndevu. Mimi nilijua, nikanyamaza. Jamani, niliogopa!

Alhamisi nilimkuta akitupa karatasi zake kwenye pipa la taka.

"Ardis, nimekwisha," alimwambia mama. "Miaka minne nimetunga upuuzi mtupu. Acha niwaambie Oakland watafute mtu mwingine."

Mama alilia. Baba akainua simu.

"Baba, usipige!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Niliandika lebo zikiwa zimeshabandikwa!"

Baba alikata gamba la diski mojawapo ya hizo kwa mkasi. Juu ya utando wake mweusi lilionekana jina letu, Haskett, limebonyea kwa mwandiko wangu. Akanakili diski nyingine, akaitia kwenye mashine. Ilisoma mpaka mwisho. Baba akakaa sakafuni, akalia kwa kwikwi. Afadhali angenichapa.

Kisha akawapigia Oakland, akaninyooshea simu. "Waeleze wewe."

Nilimweleza fundi wa Oakland yote, sauti ikinikatikakatika. Akasema, "Haya, leteni nyingine." Ijumaa wakaikubali programu.

Trudy alishangilia. Mimi sikuweza. Nikamwendea baba bandani.

"Baba, nisamehe kwa kuharibu diski."

"Diski?" alisema. "Diski ningenakili nyingine kabla kahawa haijapoa. Lakini siku tatu uliniona nikiamini kwamba sifai kitu, na ukanyamaza. Nimekusamehe, mwanangu. Ila ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata ukiwa unatetemeka. Usimwache mtu abebe kosa lako akidhani ni lake."