Mwanangu, Rudi Nyumbani

Paka alirudi siku ya mvua kubwa, lakini hakuwa amelowa.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, anamalizia kupachika zipu kwenye sketi ya shule, aliposikia harufu kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Aliruka kwenda kuangalia. Pasi ilikuwa kabatini, ya baridi. Alipogeuka, paka alikuwa amekaa mlangoni anamtazama, manyoya yamelala vizuri kana kwamba yamepigwa brashi. Nyuma yake maji yalikuwa yanapita barazani kwa fujo, yamebeba ndala ya mtu.

"Mwanangu!" Fundi alipiga kelele, akamkimbilia na kumkumbatia.

Neno hilo ndilo lililoleta balaa lote, kwa hiyo afadhali lielezwe mapema. Paka yule hakuwahi kupewa jina. Fundi alimwokota akiwa mdogo wa kuenea kikombeni, wakati yeye na mumewe walikuwa wanasubiri mtoto ambaye haji, akazoea kumwita mwanangu. Mtoto alipokuja hatimaye, msichana ambaye jino lake la kwanza lilikaa peke yake muda mrefu hadi watu wakamwita Kijino, neno halikubadilika. Ukisema "mwanangu" ndani ya nyumba ile, waligeuka wote wawili.

"Siku moja utampeleka paka shule," mumewe alikuwa akimtania, "na mtoto umwachie panya."

Kisha paka akapotea. Fundi alimtafuta juu ya dari, kwenye mitaro, kwa majirani, akachoka. Mwisho alipeleka tangazo kwenye kundi la simu la wapenzi wa wanyama. Humo watu hawakujuana kwa majina yao, walijuana kwa wanyama wao: Mama Kasuku, ambaye ndiye mwenye kundi na alikaa mtaa wa nyuma, Baba Sungura, Mwalimu wa Mbwa Watatu. Asubuhi waliulizana, "Watoto wameamkaje?" na picha zikaanza kumiminika: huyu kalala chali, yule kajikunja kwenye sufuria. Fundi, ambaye mbele za watu alikuwa anaona haya hata kuuliza bei ya nyanya, humo alikuwa msemaji.

Alituma picha aliyojipiga na paka kwa kamera ya mbele, shavu kwa shavu, kisha akarekodi sauti huku analia: "Mwanangu, popote ulipo, rudi nyumbani. Mlango uko wazi. Kilicho changu ni chako."

Kundi zima lililia naye. Hakuna aliyewaza kwamba sauti kama ile inaweza kusikiwa na mwingine.

Jioni ile ya mvua, Fundi alimkausha paka asiyehitaji kukaushwa, na hapo ndipo mkono wake ulipofika kwenye sikio.

"Baba Kijino, njoo uone. Sikio."

"Sikio limefanya nini?"

"Lililochanwa na mbwa lilikuwa la kushoto. Sasa limechanika la kulia, la kushoto zima."

Mumewe alikuwa fundi simu, mtu wa kuamini kile kinachoonekana kwenye kioo. Akafungua picha. "Si hili hapa? Kulia. Picha umepiga mwenyewe."

"Kamera ya mbele inageuza picha. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi imekugeuza na wewe kichwa. Mpe maziwa mwenzio alale."

Akaandika kwenye kundi: *Jamani, amerudi, lakini sikio limehama.* Mioyo myekundu ikajaa. Mama Kasuku akatuma sauti, anacheka: "Dada yangu, furaha imekuchanganya! Mbusu kwa niaba yetu."

Paka aliramba maziwa muda mrefu, na maziwa hayakupungua. Asubuhi yalikuwa yameganda, juu yana utando wa kijivu. Fundi aliyamwaga. Siku zilizofuata alianza kuona jambo jingine, na alipoliona hakuweza tena kuacha kuliona: paka hakuwahi kumpa mgongo. Akiwa chumbani, anamtazama. Akihama kiti, uso wa paka unamfuata. Na akitaka kutoka, anatoka kinyumenyume, taratibu, macho mbele, kama mtu anayeaga wakubwa.

Alirekodi video akaituma kundini. *Mwangalieni anavyotembea.*

*Jamani hataki kukuacha hata kwa macho!* akaandika Baba Sungura.

*Mapenzi hayo,* akaandika Mwalimu. *Wangu wakishashiba hawanijui.*

Mioyo, mioyo, mioyo. Fundi alitamani kuitupa simu kwenye ndoo ya maji.

"Hawa watu hata ningewatumia picha paka anakula mtu, wangesema ana hamu nzuri ya kula," alimwambia mumewe.

"Kwani wewe unataka waseme nini?"

"Waseme wanaona!"

"Wanaona paka, mke wangu. Hata mimi naona paka. Wewe peke yako ndiye unayeona sijui nini."

Kijino alikuwa sakafuni, anacheza na vifungo vya rangi kwenye kopo. Bila kuinua kichwa akasema, kwa sauti ya mtoto anayesema jambo la kawaida, "Mama, paka amesema nitoke. Amesema yeye ndiye mwanao."

Baba yake akacheka. Fundi hakucheka. Tangu siku ile mtoto alianza kukataa chakula, akawa analala pembeni kabisa ya kitanda, amejikunyata, na ukimuuliza kwa nini hasogei katikati anasema pale pana mwenyewe. Mashavu yake yalipungua. Nguo ambazo Fundi alikuwa amemshonea zikaanza kumning'inia mabegani, na Fundi anajua kupima kwa macho. Alijua mtoto wake anapungua kwa kiasi gani bila kushika futi kamba.

Alasiri moja, jua linawaka, mumewe yuko kazini, Fundi, huku simu yake iko mkononi imeisha chaji, alisikia mtu anaongea chini ya kitanda. Alisimama katikati ya chumba na uzi mdomoni, akasikiliza, na sauti ile, ambayo ilikuwa na mkwaruzo mdogo kama wa spika ya simu na kwikwi katikati mahali palepale alipokuwa amelia siku ile, ilikuwa sauti yake mwenyewe, inasema taratibu na kurudia, mwanangu, rudi nyumbani, mlango uko wazi, kilicho changu ni chako, kilicho changu ni chako, huku harufu ya kitambaa kinachoungua ikipanda kutoka sakafuni, na yeye akiinama kidogo kidogo, hataki kuinama lakini anainama, mpaka akaona macho mawili yanamtazama yeye, na mdomo wa paka ukiwa umefungwa.

Alimbeba mtoto akatoka nje bila viatu.

Nje alimkuta mzoa taka ameegesha mkokoteni. "Mama Kijino, nilikuwa nakuja kwako. Pole. Huyu si yule wako? Nimemkuta nyuma ya kontena, amekufa siku nyingi."

Alifunua gunia kidogo. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika.

Fundi alimpigia mumewe kwa simu ya mzoa taka. Mumewe alisikiliza hadi mwisho, kisha akapumua. "Paka wenye masikio mabovu wako wangapi mji huu? Nina mteja hapa."

Basi alichaji simu kwa jirani, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa mganga bila mumewe. Mganga yule alikaa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na hakuwa na subira hata kidogo. Alimwambia aonyeshe picha, akamwambia aifungulie ile sauti, akaisikiliza ameshika kiuno.

"Majini mengine huingia yenyewe, hayo nayatoa," alisema. "Hili umeliita. Umelipa picha, umelipa jina, umelipa mlango. Limejishona kwa kufuata picha, na picha imegeuzwa. Nyuma hujaliona kwa sababu picha haina nyuma."

"Nifanye nini, baba?"

"Neno lirudishwe pale pale lilipotolewa, kwa sauti ile ile, mbele ya wale wale waliolisikia. Na tangu leo mtoto wako mwite kwa jina lake. Mwanangu, mwanangu, mwanangu! Wana wa watu wako wengi, na wasio wa watu wako wengi zaidi."

Fundi alirudi, akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kile kitu kilikuwa kimekaa juu ya cherehani. Akabonyeza simu, akasema: "Wewe niliyekukaribisha, sikukaribishi tena. Mlango si wako. Kilicho changu si chako. Wewe si mwanangu. Toka."

Akatuma.

Kile kitu kilishuka. Kilirudi kinyumenyume kuelekea mlango wa uani, uso mbele, na kilipofika kizingitini kwa mara ya kwanza kikageuka. Fundi alikiona nyuma. Palikuwa kama upande wa ndani wa nguo iliyotariziwa vibaya: nyuzi zinaning'inia, mafundo, viraka vya manyoya vilivyopindwa na kuachwa, na katikati tupu, hadi ukaona kwa ndani mashimo mawili ambapo macho yalikuwa yanachungulia nje. Kisha uani pakabaki peupe kwa jua, na harufu ikaisha.

Alilia kwa raha. Simu nayo ikawaka moto.

*Mnyama kapotea kidogo tu, karudi, unamtimua?* aliandika Mwalimu wa Mbwa Watatu. *Na sauti unarekodi utusikilizishe!*

"Mimi kasuku wangu ananitukana kila asubuhi mbele ya wageni," Mama Kasuku alisema kwa uchungu wa kweli, "nimemfukuza? Dada, umenivunja moyo."

Mumewe alirudi amenuna. Nusu ya wateja wake walikuwa humo kundini. "Umetuaibisha," alisema. "Nitatengeneza mwenyewe."

"Usitengeneze kitu. Nakuomba."

"Ndiyo, ndiyo. Kula."

Mtoto alianza kula tena. Akalala katikati ya kitanda. Fundi alimshonea gauni jipya la njano lenye mfuko mmoja upande wa kulia, maana Kijino alipenda kutembea na vifungo mfukoni, na asubuhi moja baba yake akaondoka naye kwenda kibandani kwake, amevaa gauni lile, anaringa.

Mchana Fundi alikuwa anapiga pasi mashati ya mteja, Kijino akaingia kwa mlango wa mbele. Baba yake atakuwa amemshusha barazani akarudi kazini, alifikiri, kama kawaida yake. Nyumba ilinuka pasi, na pasi kweli ilikuwa ya moto. Akaichomoa, akafunga mlango, akampakata mtoto uso kwa uso, akaanza kumnywesha uji. Kijino alikunywa kimya kimya, bila kupepesa macho. Kijiko kilikwenda na kurudi, kikaenda na kurudi, na kikombe kikabaki kimejaa.

Simu ikalia. Ni kundi. Watu walikuwa wanajibu picha ambayo mumewe alituma saa nzima iliyopita: yeye na Kijino kibandani, shavu kwa shavu, kamera ya mbele, wote wanacheka. Na sauti.

Fundi aliibonyeza.

"Jamani msitukasirikie, sisi watu wa upendo," mumewe alikuwa anasema. "Mwanangu, njoo! Njoo usalimie shangazi zako!"

Hapo mlango wa mbele ukagongwa. "Mama! Mama, nifungulie!" Na sauti ya mumewe ikifuata, "Mbona umejifungia mchana?"

Fundi aliangalia chini. Mfuko wa gauni la njano lililokuwa mapajani pake ulikuwa upande wa kushoto.

Alitaka kusema mwanangu. Neno lilimjia lenyewe, likasimama kwenye ulimi, na kile kilichokuwa mapajani kikafungua mdomo kidogo, kama kinachosubiri kulishwa. Akalimeza. Badala yake akaita jina la mtoto wake, lile alilopewa siku aliyozaliwa, ambalo halikuwahi kuandikwa kwenye kundi lolote na hapa pia halitaandikwa.

"Abee, mama!" ikajibu sauti ya nje.

Cha mapajani kikatabasamu. Kikateremka, kikarudi kinyumenyume hadi uani, na safari hii hakikugeuka.

Fundi alifungua mlango akamshika mtoto wake, akapapasa mfuko, kulia, vifungo vimo, akapapasa mgongo, mgongo upo. Mumewe alikuwa anauliza kuna nini, kuna nini. Simu mezani ikalia.

Ilikuwa sauti ya Mama Kasuku, imejaa furaha ya mtu aliyesamehe. "Dada yangu, yameisha! Mwanao kaja mwenyewe kunisalimia, kapita uani, na gauni lake la njano. Mtoto mzuri! Nimemkaribisha ndani."

*USIMKARIBISHE,* aliandika Fundi, herufi zinaruka. *SI WANGU. WANGU YUPO HAPA. MTOE.*

Mioyo myekundu ikaanza kumiminika. *Sasa na mtoto pia anamkana!* aliandika Baba Sungura, akaweka vicheko.

Alipiga simu, haikupokelewa. Ikaingia sauti nyingine, fupi. Nyuma yake kasuku alikuwa anapiga kelele kwa sauti iliyopasuka, "Toka! Toka! Toka!" na mwenye kasuku alikuwa anacheka hadi anakosa pumzi.

"Msikieni mwanangu," alisema, "ana wivu huyu!"

Kisha kasuku akanyamaza.